Eti "kompyuta si dagaa"!! Leo nimeelewa kwa nini watu wanajiundia mashine zao

Wakuu, natetemeka mpaka vidole. Nimetoka mjini sasa hivi, kwa yule jamaa muuza kompyuta. Yule yule mnayemjua, anayejipepea na feni mbili huku wateja tunatiririka jasho.

Mwezi uliopita kaniuzia kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi. "i7, kama mpya." Laki tisa! Feni yake inanguruma kama pantoni ya Kamanga ikitia gati. Jana nimeifungua: vumbi la kutosha kupanda matembele, na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni i7-2600. Ya mwaka 2011! Mwaka huo niko la tano nachapwa kwa kusahau jembe. Ila stika ya nje inang'aa, imebandikwa juzi.

Nikairudisha kwa adabu zote, na shikamoo nikatoa. Nikamwambia bosi, Windows 11 inaikataa hii, inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Akanitazama juu mpaka chini, akasema mbele ya watu: "Dogo, kompyuta si dagaa, uje hapa kuchambua."

KUCHAMBUA! Kuna mama alikuja kutoa kopi ya cheti cha ubatizo, alicheka mpaka akaegemea mashine, kopi zikatoka kumi.

Nikisema niongeze kadi ya grafiki ya kusaidia video, pawa saplai ni wati 240 tu, na plagi yake ni ya kampuni iliyoitengeneza mashine. Ile ya kawaida ya pini 24 haiingii. Ndiyo maana watu wananunua madabodi yao (bodi kuu za kompyuta), RAM zao, wanafunga sebuleni kwa bisibisi moja. Ukipigwa, umejipiga mwenyewe. Lakini hilo tuliache. Kuchambua! Mbele ya yule mama!

Mzee_wa_Nyegezi: Umekaa nayo mwezi mzima ndiyo unaifungua? Kakuonea huruma huyo, angekupa kasha tupu.

Kijana_Buzuruga: Uzi bila picha ni chai.

Mtoa mada: Picha ya nini, ya mama akicheka?

Fundi_Bisibisi: Kwani i7 ni ubatizo? Jina hilo lipo tangu 2008. Soma namba inayofuata: 2600 ni kizazi cha 2, 8700 cha 8. Na kujiunda nako kuna yake. Mimi nilisahau kupaka pasta ya joto, ile ya kupitisha joto litoke, kwenye prosesa, ikawa inazima kila baada ya dakika mbili. Nikawatukana watu wa umeme wiki nzima.

Sato_Mbichi: Tena jamaa kasema uongo, dagaa nao siku hizi hawachambuliki. Nimenunua sado mbili, nimetoa mchanga wa kujengea choo.

Ngwana_Igoma: Si wameanikwa chini, ulitaka watoke na nini? Tafuta wa kichanja.

Mzee_wa_Nyegezi: Mke wangu alikuta kifuniko cha soda.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye mada. KUCHAMBUA!

Sato_Mbichi: Wa kichanja sado bei gani hapo Mwaloni?

Ngwana_Igoma: Imepanda. Mbalamwezi hii taa haziwavuti dagaa, wavuvi wako nyumbani wanacheza bao. Subiri giza.