Waliobeba boksi ughaibuni wakaja kuwa wakubwa serikalini, tupeane uzoefu

Ufagio wa Alfajiri: Wakuu, jana nimemuona dada wa kwetu huku Uingereza anaongoza kikao cha halmashauri, nikakumbuka ukumbi kama ule nilikuwa naudeki saa kumi alfajiri. Mliotoka kwenye ufagio mkafika kwenye kiti, mlipitia wapi? Na mnapotumwa kwa jamii zetu, mnafanyaje hadi watu wawasikilize?

Boksi Zito: Bila pasipoti yao serikalini husogei. Msidanganyane.

Wakili wa Kona: Acha kupotosha. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kufanya kazi anaomba utumishi wa serikali ya Uingereza kama wengine, zipo nafasi chache tu za raia wao. Mimi niliingia na pasipoti ya Bibi na Bwana, ya kwetu Tanzania.

Boksi Zito: Na ukurugenzi ukapewa?

Wakili wa Kona: Ndiyo maana bado uko kwenye boksi.

Mama Kulwa: Mmenikumbusha mbali. Nilianza usafi wa usiku, nikasoma jioni, nikapata ukarani wa mapokezi, leo nina idara. Hayo mtaniuliza siku nyingine. Kilichonitoa machozi ni kiangazi cha 2021, nilipotumwa kwa watu wetu kuhusu chanjo ya korona. Vipeperushi vya Kiswahili vilitafsiriwa na kompyuta, na Waingereza sindano huiita kwa neno la mabondia, basi kikaandikwa "ngumi ya bure kwa wazee". Walikuja watu sita. Sijamaliza hata salamu, mzee mmoja akasimama, kavaa koti zito na jua lote lile: "Binti, unakula mshahara wa waliotukataa, halafu unatuita?" Akatoka. Nikamfuata nimwombe radhi. Akachomoa bahasha kwenye koti, imechakaa kwenye mikunjo, haijafunguliwa. Barua ya uhamiaji, anatembea nayo mwezi wa nne. Alidhani nimetumwa kumkamata! Tukaifungua juu ya boneti ya gari langu. Amenyimwa kibali, na siku 14 za kukata rufaa zilishapita. Ngoja, mtoto ananiita.

Nyuki: Duh. Mwendelezo tafadhali.

Mjomba Side: Naweka kambi hapa.

Wakili wa Kona: Rufaa iliyochelewa inaweza kupokelewa ukieleza sababu, jaji ndiye anaamua. Ila muende kwa mtu mwenye leseni ya mambo ya uhamiaji, siyo kwa "shemeji anayejua fomu".

Boksi Zito: Mawakili watamla mpaka koti. Aende msikitini.

Ufagio wa Alfajiri: Jamani, uzi ulikuwa wa kupanda ngazi.

Njeri: Lucy Gichuhi wetu alihamia Australia 1999, akaingia Seneti 2017. Wakamwandama eti bado ni Mkenya, maana kule mwenye uraia wa nchi nyingine haruhusiwi bungeni. Sheria yetu ya zamani ndiyo ilimwokoa, maana ulikuwa ukichukua uraia wa kwingine, wa Kenya unakutoka. Tangu Katiba ya 2010 sisi tunashika zote mbili. Nyinyi Watanzania je?

Mjomba Side: Usitukumbushe. Mama yangu nimemzika kwa viza.

Katanga Moja: Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kambove kule Kongo, alihudumia wazee Italia huku akisomea udaktari. 2013 akawa waziri, wakamrushia ndizi akihutubia. Akasema ni kuharibu chakula.

Njeri: Mimi ningezirudisha.

Nyuki: Ushauri wangu kwa wanaotumwa kwa jamii: anzeni na chai.

Boksi Zito: Chai inaleta watu wa chai.

Mama Kulwa: Nimerudi. Rufaa ilipokelewa, kibali kikatoka mwaka uliofuata. Ila wiki ile ile baada ya boneti, mzee alirudi ukumbini na wenzake 11, kila mmoja na bahasha yake. Chanjo hatukuigusa siku hiyo, wala wiki ya pili. Bosi akaniuliza waliochanjwa ni wangapi, nikamwandikia sifuri.

Nyuki: Na ngumi mzee alipigwa?

Mama Kulwa: Zote mbili. Na koti hakuvua, alikunja mkono tu.