Nimepewa shoo ya chemsha bongo kwenye TV, niache u-MC wa harusi? Naomba ushauri wakuu

Kinasa_Butu (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mshehereshaji hapa Dar, mwaka wa tisa huu. Sendofu, harusi, kipaimara, hata misiba miwili nimewahi kushika kipaza. Msimu ukiwa mzuri napata shughuli tatu nne kwa mwezi, ila Kwaresima na Ramadhani zikigongana ndio nakula akiba.

Sasa kuna televisheni moja (jina kapuni) wamenipa shoo ya chemsha bongo. Kila Jumamosi usiku, laivu. Washiriki wanajibu maswali studio, watazamaji wa nyumbani wanatuma meseji, na kila wiki mmoja wao anaondoka na bodaboda. Mkataba ni wa mwaka mmoja na Jumamosi zote ni zao, ambayo ndiyo siku yangu ya harusi. Silali wakuu. Nikipiga hesabu pesa inakaribia kulingana, lakini TV ni TV, sura inajulikana. Mnanishaurije?

Ngoma_Droo
Mkuu, pokea kabla hawajabadilisha mawazo. Steve Harvey, yule mchekeshaji wa Marekani, kalala kwenye gari kipindi anahangaika na vichekesho vya majukwaani. Akaja kupata shoo ya TV ya Showtime at the Apollo, 2010 akakabidhiwa Family Feud, ile shoo ya familia kushindana kujibu maswali, na kiti hicho kimemfanya tajiri. Wewe unaona huruma na harusi za Tabata?

Mama_Kulwa
Mume wangu alikuwa MC. Nasema alikuwa, kwa sababu siku hizi ana banda la chipsi na saa nne usiku tumelala wote. Enzi hizo Jumamosi anarudi alfajiri, koti linanukia marashi ya matroni wa watu, ukiuliza anakwambia "nilikuwa naserebuka na kamati". Kamati gani inapaka marashi? Chukua TV kaka. Angalau mkeo atakuwa anakuona.

Mzee_wa_Fagio
Meseji moja shilingi ngapi?

Kinasa_Butu
@Mzee_wa_Fagio elfu moja. Lakini hayo ni mambo ya kampuni mkuu, mimi ni mtangazaji tu. Swali langu ni kuhusu harusi.

Babu_Kipawa
Kijana, hiyo ni kamari iliyovaa suti. Wajukuu zangu hela ya daftari inaishia kwenye kubeti, sasa na wewe unataka kuwachekea usoni Jumamosi usiku. Mimi nimeshasema, shauri yako.

Wakili_wa_Kibarazani
Mleta mada, watu wakituma hela na mshindi anapatikana kwa droo, hiyo si chemsha bongo, ni bahati nasibu. Tuna sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 na kuna Bodi. Wale maofisa unaowaona wamesimama pembeni kampuni za simu zikichezesha droo hawakuja kupiga picha. Kwenye shoo yako ofisa wa Bodi anasimama wapi?

Na lingine. Mtu wa miaka tisa kwenye kipaza hakosi usingizi kwa sababu ya Jumamosi. Kuna kitu hujasema.

Kinasa_Butu
Wameniambia vibali vinashughulikiwa.

Wakili_wa_Kibarazani
Sijauliza vibali tu.

Kinasa_Butu
Sawa, ngoja niseme. Wiki iliyopita tulifanya majaribio. Sikioni nimewekewa kile kidude, prodyuza yuko chumba cha juu ananielekeza. Kwenye skrini namba za simu zinazunguka, mimi natakiwa nipaze sauti "simamisha!" zisimame. Basi kabla sijafungua mdomo, yeye keshanitajia sikioni jina na tarakimu tatu za mwisho. Nikajua ni utani. Nikasema simamisha, zikasimama hizo hizo. Tukarudia, hivyo hivyo. Nilimfuata kwenye ngazi nikamuuliza, akanigonga bega: "MC, wewe ni mdomo. Mkono ni wetu."

Na kabla hamjanirukia, malipo ya awali nimeshapokea, milioni mbili na nusu. Nimelipa kodi ya miezi sita na ada ya mtoto. Harusi tatu za mwezi ujao nimeshamwachia kijana wangu, na suti mbili ziko kwa fundi. Halafu tuseme ukweli, nani anaumia? Elfu moja ni hela ya vocha.

Mama_Kulwa
Elfu moja kwangu ni dagaa na nyanya. Usinitajie vocha.

Chuma_Ulete
Hapo kwenye "nani anaumia" nijibu mimi. Mwaka fulani nilituma meseji mpaka mshahara ukakata, kila asubuhi napokea jibu "hongera, umekaribia kushinda". Nilikaribia miezi minne. Siku nimepigiwa simu nikavua kofia ya kazi nikakaa chini kabisa. Nimeshinda kofia. Ninayo mpaka leo, naoshea pikipiki ya bosi.

Wakili_wa_Kibarazani
Mnamtaja Steve Harvey, nami nimletee Jack Barry. Marekani, 1956, alikuwa anaendesha shoo ya maswali inaitwa Twenty-One. Kulikuwa na mshindi mmoja, Herb Stempel, waandaaji wakaona hana mvuto. Wakamwambia ashindwe ili apite kijana mtanashati, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Charles Van Doren. Moja ya maswali aliyotakiwa kukosa lilikuwa filamu gani imechukua tuzo kuu ya Oscar ya mwaka 1955. Jibu Marty. Filamu hiyo Stempel alikuwa anaipenda mno, na akalazimika kutaja nyingine mbele ya nchi nzima. Kilichomchoma zaidi ya pesa ni hicho, kwamba jibu alikuwa nalo mdomoni.

Akaja kusema. 1959 Van Doren naye akakiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa anapewa majibu. Mwaka uliofuata wakatunga sheria, kupanga matokeo ya shoo za namna hiyo likawa kosa la jinai. Barry, ambaye kwenye skrini alikuwa mdomo kama wewe, akakaa takriban miaka kumi bila shoo kwenye televisheni kubwa za taifa.

Ngoma_Droo
Kwa hiyo alirudi?

Wakili_wa_Kibarazani
Alirudi. 1972 alipata shoo nyingine ikavuma. Ila sijui kama mwenye nyumba wa mleta mada atamsubiri miaka kumi.

Mzee_wa_Fagio
Samahani wakuu, mimi naona chai hapa, tena ya maziwa. Kataja siku, saa, zawadi, bei ya meseji, kila kitu isipokuwa kituo. Prodyuza anaongea kama bango la barabarani, "wewe ni mdomo, mkono ni wetu". ID imefunguliwa mwezi huu, ina posti za uzi huu tu. Subirini wiki mbili, mtaona tangazo: "shoo iliyotikisa mitandao". Tunatumika.

Chuma_Ulete
Doh. Na mimi nimeshatoa siri ya kofia yangu.

Babu_Kipawa
Nilijua.

Kinasa_Butu
Babu hukujua lolote. ID yangu ya zamani wateja wanaifahamu, ningeletaje jambo hili kule? Haya, picha ya mkataba hiyo hapo, majina nimeyafunika kwa kidole. Anayeona chai anywe.

Ngoma_Droo
Kidole chenyewe kina hina. Wewe ni MC au bibi harusi?

Kinasa_Butu
Ni cha mke wangu, ndiye alikuwa ameshika karatasi.

Mzee_wa_Fagio
Karatasi yoyote inachapwa stesheni. Sijashawishika.

Wakili_wa_Kibarazani
Chai au si chai, nimeikuza hiyo picha. Kifungu cha 9, mstari wa pili: "Mtangazaji atawajibika binafsi kwa taarifa yoyote atakayoitoa hewani." Ulikisoma?

Kinasa_Butu
Kile kiko nyuma ya karatasi.

Wakili_wa_Kibarazani
Na sahihi yako iko wapi?

Kinasa_Butu
Mbele.

Mama_Kulwa
Kaka, zile harusi tatu ulizomwachia kijana. Ameshachukua hela ya zote?

Kinasa_Butu
Mbili. Ya tarehe 14 kamati haijamlipa.