Kusaga punje za plastiki ziwe unga: barafu kavu, naitrojeni au zailini?

BintiTudor
Assalam aleikum wanamaabara. Nina punje za polithini na za polipropilini, za milimita 3 hadi 5. Nataka unga wa chini ya mikroni 300 (milimita 0.3) niuchanganye na mchanga wa Nyali, nione njia yetu ya kutenga mikroplastiki (vipande vidogo mno vya plastiki) inaurudisha kiasi gani. Mashine ya kusagia kahawa huzipasha moto tu, zikalainika na kuganda kwenye kisu. Mngechagua njia gani?

Mchekechaji
Waaleikum salaam dada. Plastiki hizo mbili usizipe dawa moja. Polipropilini huwa kavu na kuvunjika ikishuka chini ya nyuzi sifuri hivi. Barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, ina -78, basi inaitosha kabisa. Polithini kwa baridi hiyo bado inanyumbuka; hukakamaa kama kioo huko chini zaidi ya -100. Hiyo ni ya naitrojeni ya kimiminika, -196. Saga kidogo, pumzisha, poza tena. Na chombo kiwe cha chuma: jagi la plastiki litapasuka, na vipande vyake vitaingia kwenye sampuli.

FundiChangamwe
Viwanda vya matangi ya maji husaga polithini bila naitrojeni, kwa sahani mbili zenye meno zinazopozwa. Lakini unga wao ni wa mikroni 500 hivi, na mashine hubaki na masalio ya kazi iliyotangulia. Kwa gramu chache za utafiti singekushauri.

Mwl_Kemia
Zailini, kiyeyusho cha kimiminika, ikiwa ya moto huyeyusha polithini, ukimimina kwenye ethanoli unga unajitenga. Ni laini sana, ila viungio vya kiwandani huenda na kiyeyusho, na umbo la chembe si la kitu kilichovunjika. Wewe unaiga takataka za baharini, kwa hiyo mimi naipinga. Tena mvuke wake unataka kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi kweli.

BintiTudor
Shukran mwalimu, zailini naiacha. Naitrojeni huku inapatikana kwa nani?

Mchekechaji
Anzia kwa wahamilishaji wa ng'ombe. Mbegu za madume huhifadhiwa ndani ya naitrojeni. Mtungi usiuzibe kabisa, kwani lita 1 hugeuka karibu lita 700 za gesi. Usipande nao matatu, wala usiimimine kwenye chumba cha eisii kilichofungwa madirisha: inafukuza oksijeni na haina harufu ya kukuonya. Nakuomba sana, usifanye kazi hiyo peke yako.

Mwl_Kemia
Na joto la pwani lina unyevu mwingi. Ukifungua kopo lingali baridi, unga unalowa papo hapo na uzito unakudanganya. Liache limefungwa mpaka lifikie joto la chumba. Ukiuchekecha mkavu, unga hurukia kuta kwa umeme tuli. Chekecha kwa ethanoli, kausha, ndipo upime.

BintiTudor
Nimeelewa. Naanza na polipropilini kwa barafu kavu, polithini itasubiri mtungi.