Naomba ushauri: kuhamisha intakula ya Forester hadi mbele

Wakuu, habari zenu. Nina Subaru Forester ya turbo, ile yenye tundu juu ya boneti. Intakula yake ya kiwandani, yaani kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo kuingia injini, imelala juu ya injini, na joto la Mombasa mwalijua: ukikaa foleni ya feri Likoni, moto wote wa injini unapanda kuikaanga. Nikitoka hapo gari zito kama limebeba saruji, mpaka likimbie kidogo hewa iipoze.

Nimepata intakula ya mtumba ya kufunga mbele, nyuma ya bampa. Nataka kuifunga mwenyewe uani, Kisauni. Spana ninazo, mashine ya kuchomelea sina. Kinachonikwaza ni ile nondo ya bampa. Naambiwa lazima ikatwe, nami sipendi kupunguza kinga ya ajali. Kuna aliyefaulu bila kukata? Na ikiziba upepo wa kondensa ya eisi na rejeta, injini haitachemka?

Halafu ndani ya hiyo intakula ya mtumba nimekuta mafuta. Fundi mmoja kasema nifunge tu, yatajichoma yenyewe. Sikumwamini, naogopa vipande vya chuma vya turbo iliyokufa. Nioshe na nini, petroli au mafuta ya taa?