Vifaa vya mazoezi ya mbwa vya kujitengenezea: fito za kuvuka, jukwaa au ubao wa kuyumba, kipi kianze?

MkiaJuu

Wakuu, salaam. Nina mbwa jike wa kilo kama 24, mtu mzima, ana afya njema. Tatizo ni miguu ya nyuma, naona haitumii ipasavyo. Akipanda ngazi anajivuta kwa mabega, na akigeuka mahali pembamba kiuno kinafuata tu. Daktari wa mifugo amemkagua nyonga na magoti, hakuona shida, akashauri nimfanyishe mazoezi ya kujenga misuli.

Nina msumeno, drili, vipande vya plaiwudi ya milimita 18 na mabomba ya PVC yaliyobaki kwenye ujenzi. Nimesoma sana na nimebaki na mambo matatu: fito za kuvuka zilizopangwa mstari, jukwaa la kusimamia, au ubao wa kuyumba. Nafasi niliyonayo ni korido na chumba kimoja. Nataka nianze na kimoja nikitengeneze vizuri. Ninyi mngeanza na kipi, na kwa nini?

NyayoNne

Fito, mkuu, bila kusita. Mbwa akitembea sakafu tupu anaweza kuburuta miguu ya nyuma na usigundue. Mbele ya fito hawezi. Kila mguu lazima ukunjwe na kuinuliwa: nyonga, goti na kifundo vyote vinafanya kazi, na yeye mwenyewe analazimika kujua mguu wa nyuma uko wapi.

Pima urefu wake kutoka sakafuni hadi juu ya bega. Umbali huo ndio nafasi ya kuanzia kati ya fito na fito kwa mwendo wa mchakamchaka, halafu unarekebisha kwa macho. Akirukaruka kama sungura, umezibana mno au umeziinua mno. Akiongeza hatua ya ziada katikati, zimeachana. Unachotafuta ni mguu wa mbele wa kulia kutoka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha upande wa pili, kwa mdundo ule ule mpaka mwisho wa mstari. Ukiusikiliza kwa masikio tu utaujua.

Fito nne hadi sita zinatosha. Siku za kwanza zilaze chini kabisa, na hata baadaye usipite usawa wa kifundo cha mguu wa mbele. Hili si zoezi la kuruka.

Kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Bomba la PVC likilazwa sakafuni linabingirika, na mbwa akilikanyaga likabingirika anateleza na anaweza kupoteza imani na kifaa chote. Kata vipande vidogo vya mbao, vichonge mfereji wa herufi V juu, bomba likae humo. Likae tu, usilifunge. Mguu ukiligonga lazima lianguke.

FundiRanda

Naheshimu maoni ya NyayoNne, lakini kwa maelezo uliyotoa, MkiaJuu, mimi ningeanza na jukwaa. Mbwa wako hajui kiuno chake kiko wapi. Fito zinamfundisha kuinua mguu akienda mbele, lakini kule kugeuka mahali pembamba hazikugusi sana.

Tengeneza majukwaa mawili. Dogo ni la miguu ya mbele tu: upana wa kutosha nyayo mbili zikae kwa raha, kimo kama sentimita 10. Anapanda miguu ya mbele, wewe unasogea kumzunguka, naye anazunguka kwa miguu ya nyuma huku ya mbele ikibaki juu. Mwanzoni atapiga hatua moja pembeni na kusimama. Mpe kitafunwa kwa hatua hiyo hiyo moja. Hapo ndipo anaanza kugundua kuwa miguu ya nyuma ina kazi yake.

Kubwa ni la miguu yote minne. Msimamishe wima, pima kutoka nyayo za mbele hadi za nyuma, ongeza sentimita chache. Upana uzidi kifua kidogo tu. Ukilifanya kubwa mno atasimama amejitawanya, na faida ya jukwaa ni kumfanya apange miguu chini ya mwili.

Sasa ufundi wenyewe. Miguu ya jukwaa iwekwe kwenye pembe kabisa. Watu huisogeza ndani ili ipendeze, halafu mbwa anakanyaga ukingo na upande wa pili unanyanyuka. Jaribu kwa kukandamiza kila ukingo kwa mkono wako kwa nguvu kabla mbwa hajakaribia, kisha simama juu yake mwenyewe. Kingo zipige msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Juu gundisha mkeka wa raba mpaka mwisho wa ukingo. Usitumie kapeti iliyobanwa kwa pini, kwa sababu kucha zitaing'oa na pini zitabaki zimesimama. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao.

KambaNdefu

Mbona ubao wa kuyumba mnaupita? Ndio unaofanyisha tumbo na mgongo kazi kuliko vyote. Kipande cha plaiwudi cha sentimita 60 kwa 60, katikati kwa chini unafunga nusu ya mpira mgumu wa kimo cha sentimita 4 au 5, kazi imeisha. Chini ya kingo gundisha vipande vya kapeti nene. Kile kishindo cha ubao kugonga sakafu ndicho kinachowatisha mbwa wengi, kuliko hata kuyumba kwenyewe. Wangu nilimzoesha kwanza ukiwa umelazwa juu ya blanketi lililokunjwa, ukawa unasogea kidogo bila sauti.

PumziNdefu

Mimi ni msaidizi kwenye tiba ya viungo vya wanyama, naomba niongeze kidogo.

KambaNdefu yuko sahihi kuhusu ubao kufanyisha misuli ya ndani kazi, na wazo la blanketi ni zuri sana. Ila kwa mbwa huyu ungekuwa wa mwisho. Mbwa akisimama kawaida, karibu asilimia 60 ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele. Aliyezoea kujivuta kwa mabega, ukimweka juu ya kitu kinachoyumba ataegemea mbele zaidi ili ajiokoe. Unakuwa umekaza kosa lile lile unalotaka kuliondoa. Kwanza asimame vizuri juu ya kitu kilichotulia, kisha atembee vizuri, kuyumba kuje baadaye.

Dakika chache zinatosha, na si kila siku. Mtembeze kwanza ili mwili upate joto. Uchovu wa mbwa huonekana mapema ukiangalia chini: vidole vinatanuka na kung'ang'ania mkeka, paja linatetemeka, anakaa bila kuambiwa, au anaanza kushuka pembeni. Ukiona mojawapo, acha papo hapo. Kumlazimisha amalizie seti ndiko kunakoleta majeraha.

Kata kucha kabla ya yote. Kucha ndefu hubadilisha anavyokanyaga, na hakuna jukwaa litakalorekebisha hilo.

Kwa wengine wanaosoma wenye mbwa wadogo kiumri: mifupa bado inakua, na kwa mbwa wakubwa wa mwili hilo huendelea kupita mwaka mmoja. Fito zibaki chini sakafuni na kuruka kusiwepo. Na mbwa mwenye maumivu, aliyepasuliwa au mwenye shida ya mgongo apewe ruhusa na daktari kwanza.

MkiaJuu

Nashukuru sana wote, hasa hapo kwa kuegemea mbele, sikuwa nimelifikiria kabisa. Swali: kabla ya kufika kwenye ubao, je, mto wa sofa au tyubu ya tairi chini ya plaiwudi vinafaa kama hatua ya kati?

FundiRanda

Tyubu hapana. Ile vali inasimama, na kucha zikipita pembeni ya plaiwudi zinaitoboa.

PumziNdefu

Mto wa sofa ni laini mno, nyayo zinazama na vifundo vya mbele vinakunjika vibaya. Tafuta sponji ngumu, ile ambayo ukiikandamiza kwa ngumi inarudi mara moja, uifunike kwa kitambaa kisichoteleza na uiweke juu ya mkeka wa raba.

NyayoNne

Bado nasema fito zisisubiri sana. Ukishapata mzunguko mzuri kwenye jukwaa dogo, siku inayofuata ya mazoezi laza fito mbili tu kwenye korido. Korido inakusaidia, hana pa kupitia pembeni.

MkiaJuu

Basi naanza na jukwaa dogo la miguu ya mbele, kisha fito kutoka kwenye mabomba niliyonayo. Jukwaa kubwa litafuata plaiwudi ikibaki, na ubao nauacha kwanza. Kitafunwa nikishike wapi anapozunguka? Nikiinua mkono anakaa.

PumziNdefu

Usawa wa pua yake, karibu na mdomo, ili kichwa na mgongo vibaki kwenye mstari mmoja. Mkono ukipanda, uzito unarudi nyuma na anakaa, na ukishuka chini anaegemea mabega. Anapozunguka, sogeza kitafunwa kidogo kuelekea bega lake la upande wa pili, yaani kichwa kikienda kushoto kiuno kinatoka kulia. Fanya pande zote mbili. Upande mmoja utakuwa mgumu zaidi, anzia huo wakati bado ana nguvu.