UZI: Ati mimi ni "kijana wa maboksi"?? Mbele ya wageni??

Mtoto_wa_Tudor (mwenye uzi)

Jamani nimeketi hapa nje kwenye ngazi za labu mkono watetema, sijui nianzie wapi, naandika vivyo hivyo tu mtanisamehe. Jina sitaji. Mwamjua. Yule mwenye beji ya kongamano shingoni, kongamano lishakwisha zamani watu washasahau hata lilikuwa la nini, yeye beji yuwaenda nayo chooni, yuwaenda nayo Marikiti kununua ndimu, na nikisikia yuwaoga nayo sitashangaa. Huyo huyo.

Leo wamekuja wageni, watu wa maana, wamevaa makoti na joto hili la Mombasa na AC yetu ndiyo ile. Projekta yawaka, kwenye slaidi ziko picha ZANGU, nilizozichorea maboksi ili kompyuta ijifunze kutambua vitu, tuktuk za Kongowea kila moja ndani ya fremu yake ya kijani, haikuzidi haikupungua. Mama mmoja katika wale wageni, mpole, kauliza, "Na hii kazi ya picha kaifanya nani?" Mimi nishaanza kuinuka kwenye kiti, nishanyoosha na kola. Bwana mkubwa hata shingo hakugeuza:

"Ah, huyo ni kijana wetu wa maboksi."

KIJANA. WETU. WA MABOKSI.

Halafu akanisogelea akaninong'oneza, hebu waangalizie wageni maji.

Mimi nawauliza nyinyi mlio kwenye fani, boksi lajichora lenyewe? Ile dataseti ya COCO ya 2014, mkusanyo wa picha zilizokwisha kuchorewa vitu vyake, ambayo kila mtu yuwaishusha bure na kujiita mtafiti, ina aina 80 za vitu, ina tosta, ina kikausha nywele, ina mpaka mbao za kuteleza kwenye theluji, TUKTUK HAINA. Chukua modeli, yaani programu ya kutambua vitu, iliyofunzwa kwa COCO kaisimamishe pale Mwembe Tayari, tuktuk hii itaiita gari, ile itaiita lori, mkokoteni wa maji ndio usiseme. Sasa nani kaketi kuifunza tofauti? Beji?

Na tuktuk haiji ikakaa kupigwa picha ya harusi. Yaja imejificha nyuma ya matatu, kilichobaki kuonekana ni kioo cha pembeni na goti la dereva, nawe waambiwa chora. Sasa wachora goti, au wakisia mwili wote ulioko nyuma ya matatu? Tumebishana siku nzima kwa goti lile. Kwa sababu ukichora ovyo, siku ya kupima boksi lako na la modeli visipolaliana vizuri, ile alama ya 0.5 (eneo yanapolaliana ukiligawa kwa eneo lote la maboksi mawili) haikufika, basi yahesabiwa modeli imekosa, na mkosaji ni nani? Mimi. Ikipata, "modeli yetu". Nyuso za watu na nambari za gari zote nimezitia ukungu moja moja kwa ajili ya sheria ya data ya 2019, yeye hata kitufe cha ukungu hakijui kiko wapi.

Nikifumba macho naona fremu za kijani. Juzi mamangu kaingia na sinia ya mahamri, kidole changu chatafuta mausi nimchoree boksi.

Kisha kijana wetu wa maboksi. Tena kwa sauti ile ile mwaijua, ya puani. Na yule mama mgeni katikisa kichwa akaandika kitu kwenye kijitabu, nina hakika kaandika maboksi.

Na maji niliyapeleka wallahi. Baridi.

---

Dada_wa_Kisauni
Beji 😂😂😂 mstari wa pili tu nikajua. Huyo alinipita Nyali kwenye daraja ndani ya tuktuk, beji yapepea nje.

Yakhe_Pole
Pole sana kijana wa maboksi.

Mtoto_wa_Tudor
Usianze.

Yakhe_Pole
Nauliza tu, maji ulipeleka ya chupa au ya mfereji?

Seva_Yatima
Mwambie hivi huyo mtu wenu. ImageNet, ule mkusanyo wa picha uliotoka 2009, ulifika picha zaidi ya milioni 14, lebo za kusema hii ni picha ya nini ziliwekwa na watu karibu 50,000 kutoka nchi 167, na Fei-Fei Li aliyeuongoza mwenyewe kasimama jukwaani mbele ya ulimwengu akawataja. Hakusema vijana wangu wa maboksi. Bila wale watu hiyo AlexNet ya 2012, modeli maarufu ya kutambua picha, ingefunzwa na nini, na upepo?

Pwani_Mkali
Kawataja kwa hesabu, kwa majina je? Kwenye karatasi za utafiti majina ni ya wakubwa. Wewe angalau umeitwa kijana. Halafu tuseme ukweli, hizo boksi zako mimi nimeziona, ile tuktuk ya Buxton boksi limemla na mama wa viazi karai pamoja na karai lake. Sasa modeli ikimwona mama yeyote yuwakaanga yasema tuktuk.

Mtoto_wa_Tudor
Hiyo si yangu! Hiyo ni ya zamu ya jioni!

Zamu_ya_Jioni
Ati? Rudia, nipo.

Zamu_ya_Jioni
Nani alinisukumia folda yote ya kivuko cha Likoni, za usiku, lenzi ina chumvi ya bahari, watu mia tele washuka kwa pamoja kila mtu na mzigo kichwani, mtu wapi mzigo wapi huoni, halafu wewe ukajichagulia tuktuk za mchana jua kali? Leo walia boksi. Mimi nimeitwa nini? Sijaitwa hata hilo.

Dada_wa_Kisauni
Yaani kuna mtu yuwalilia cheo cha maboksi 💀

Seva_Yatima
Nyote mwalia majina, mimi modeli yangu IMEULIWA. Jioni nimeiacha yaenda vizuri, hasara, yaani makosa yake, yashuka, nimelala kwa furaha. Asubuhi naja naikuta chali, mtu kaanzisha yake juu ya yangu, kumbukumbu ya kadi ya kufunzia modeli ikajaa. Naangalia mtumiaji ni nani, ameandikwa "test". Nani huyu test? AlexNet ilifunzwa kwa kadi mbili za GTX 580 zenye GB 3 kila moja, kwa siku tano sita, na hakuna aliyewaulia. Sisi tuna kadi ya GB 24 na hatuwezi kuifanya ilale usiku mmoja na mtu mmoja.

Yakhe_Pole
Test ni sisi sote ndugu yangu. Nenosiri limebandikwa kwenye friji.

Seva_Yatima
KWENYE FRIJI??

Dada_wa_Kisauni
Na maadam friji imetajwa. Aliyekula achari yangu ya embe akaniachia sharubati ya chini na kifuniko juu kana kwamba sitajua, namtafuta. Tena sina haja ya modeli, vidole vyekundu nimeviona kwenye kibodi ya kompyuta ya dirishani.

Pwani_Mkali
Kompyuta ya dirishani hukaa Beji.

Dada_wa_Kisauni
Mimi sikusema.

Zamu_ya_Jioni
Mtindi wangu pia. Tangu Ramadhani.

Mtoto_wa_Tudor
Jamani uzi ni wangu. Mtu kasema kijana wetu wa maboksi mbele ya wageni, mwajadili achari?

Yakhe_Pole
Achari ni jambo zito.

Mzee_wa_Makupa
Asalaam aleikum. Nimeona maboksi hapa. Ni yale ya katoni? Nataka ya kupakia maembe, yawe magumu yasiwe yale ya biskuti.

Mtoto_wa_Tudor
Mzee wangu, shikamoo, hapa si mahali pake.

Zamu_ya_Jioni
Waaleikum salaam mzee. Yako mengi, magumu hasa, ya kompyuta mpya, yameziba mlango wa stoo mpaka printa haifikiki. Njoo uchukue bure.

Dada_wa_Kisauni
Mzee usimsikize, hayo yana mwenyewe, kayaandikia "YASIGUSWE" kwa kalamu nyekundu. Mwenye beji.

Pwani_Mkali
Basi hayo hayo mzee. Yote. Njoo na mkokoteni.

Mzee_wa_Makupa
Nitakuja na vijana wawili asubuhi inshallah. Ni gorofa ya ngapi?

Zamu_ya_Jioni
Ya nne.

Mzee_wa_Makupa
Lifti ipo?

Seva_Yatima
Mzee usitutoneshe. Lifti tufungulie uzi wake.