Gharama ya ulemavu chuoni: iwe mkopo au ruzuku?

Mwalimu wa Mtama (mleta mada)

Wadau wa Kusini, habari za mchana. Nina hoja, naomba tuijadili bila kutukanana.

Natembea kwa magongo tangu nina miaka minne. Chuo nimesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na bila huo leo ningekuwa nyumbani nabangua korosho. Sasa nafundisha, na kila mwisho wa mwezi asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa. Na makato sina ugomvi. Kilichoniuma ni siku niliyoshika kalamu nikapiga hesabu ya ile hela ya chakula na malazi, ilikwenda wapi.

Wenzangu wa chumba kimoja walipokea kiasi kilekile. Wao kutoka hosteli hadi darasani walitembea dakika ishirini. Mimi nilipanda bajaji kwenda na kurudi, siku tano za wiki, miaka mitatu. Halafu kuna mipira ya chini ya magongo. Inalika kama soli ya ndala, na ikiisha unateleza kwenye marumaru mbele za watu. Kwa hiyo siku nyingi nilikula mlo mmoja ili nifike darasani, na leo narudisha hela ya chakula ambacho sikukila.

Ukijaza kwenye maombi kwamba una ulemavu, na Mganga Mkuu wa wilaya au mkoa akathibitisha, unasogezwa mbele kwenye foleni ya wahitaji. Vizuri. Ila unasogezwa mbele kwenda kukopa. Mimi nasema ada na chakula vibaki mkopo kama kwa kila mtu, lakini kile kinachozidi kwa sababu ya ulemavu, yaani usafiri, magongo, mkalimani wa lugha ya alama, mtu wa kumsomea asiyeona, hicho kiwe ruzuku.

Mkulima wa Tandahimba

Pole mwalimu, ila hapa tutakosana. Kijana wangu ni mzima wa viungo, alama anazo, na mwaka wa kwanza mkopo alikosa. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, sisi ndiyo tunapuliza salfa, mfukoni hamna kitu. Minada ya korosho mpaka Oktoba. Ile 30,000 ya maombi, nauli, na hela ya wakili wa kugonga muhuri nilizipata kwa kangomba, yaani kuuza kabla ya kuvuna, korosho zikiwa bado maua, na bei ya kutupa mnaijua. Leo mtoto wa bosi mwenye kiguu kidogo apewe bure, wangu akose hata cha kukopa?

Mwalimu wa Mtama

Kaka, la kijana wako ni kweli kabisa, ila hilo ni la umaskini. Ulemavu ni hesabu nyingine. Uingereza wana fungu la wanafunzi wenye ulemavu ambalo halirudishwi, wala kipato cha mzazi hakiangaliwi. Kinachoangaliwa ni mwanafunzi anahitaji nini ili asome. Najua, wao wana hela, usinikumbushe. Mimi nimependa swali lao. Kwetu ulemavu unaulizwa kama unavyoulizwa uyatima, ipimwe una shida kiasi gani. Hakuna anayekuuliza utafikaje darasani.

Karani mstaafu, Newala

Nimekaa dirishani hospitalini miaka mingi, hospitali gani haina haja. Ikishakuwa hela isiyorudishwa, msimu wa maombi mji mzima utachechemea. Kuna kijana aliingia anachechemea mguu wa kushoto, alipotoka na karatasi yake akawa anachechemea wa kulia.

Na siku hizohizo mama mmoja alimleta bintiye, kiziwi. Kipimo cha kusikia hatukuwa nacho, akaelekezwa mbali zaidi. Aliporudi na majibu, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Muhuri uleule ulimpitisha mwongo ukamkwamisha mkweli. Mnataka kuubebesha na ruzuku juu yake?

Baba wa asiyeona, Masasi

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kijana wangu haoni, na mimi ruzuku siitaki. Akipita stendi na fimbo yake nyeupe watu wanamtia mia mbili mkononi, hajaomba. Anarudi nyumbani amenuna. Siku jina lake lilipotoka kwenye orodha ya mkopo alicheka mpaka mama yake akashangaa. Akaniambia, "Baba, hawa wameamini nitalipa." Msimwondolee hilo.

Mwalimu wa Mtama

Mzee wangu, umenigusa, na nimeifuta mara mbili niliyotaka kujibu. Nikuulize tu: mashine ya nukta nundu aliyoandikia shuleni, mliinunua kwa mkopo? Kama shule ilimpa, nani aliiita sadaka? Lindi hii ndiyo iliyompeleka bungeni Salum Barwany mwaka 2010, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda jimbo Tanzania. Mimi siamini zilikuwa kura za huruma. Mtu anaweza kupewa kitu na heshima yake ikabaki palepale. Ila ile mia mbili ya stendi, hapo sina jibu.

Mtu wa Mikindani

Mnaisakama Bodi bure. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, imeweka Mfuko wa Taifa. Huko ndiko kwa kubisha hodi. Na zile asilimia mbili za mapato ya halmashauri zinazotengwa kwa watu wenye ulemavu je?

Mwalimu wa Mtama

Asilimia mbili nazo ni mkopo, ndugu yangu, wa biashara. Nikafungue genge ili nilipie bajaji? La Mfuko nakubali.

Binti wa Nachingwea

Mnabishana mkiwa ndani ya nyumba, wengine tuko nje. Miongozo ya mkopo inataka usizidi miaka 35, na uwe umemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Mimi darasa la kwanza nimeanza na miaka 11, hakukuwa na wa kunibeba. Baada ya kidato cha sita nikakaa miaka sita, mara mguu umepasuliwa, mara mama anaumwa. Mkopo, ruzuku, vyote kwangu ni habari za redioni.

Mwalimu wa Mtama

Dada, hili sikuliwaza kabisa, na lilitakiwa litangulie hoja yangu. Aliyecheleweshwa na ulemavu asihesabiwe miaka kama aliyekuwa anazurura.

Kwa Karani: tuseme mwanafunzi hashiki hela. Chuo chenyewe kimlipe mkalimani, kimlipe mwenye bajaji. Na anayethibitisha asiwe mganga peke yake, awepo ofisa ustawi wa jamii aliyefika nyumbani. Mchechemeaji wa msimu atachukua nini hapo? Lifti ya kwenda darasani?

Karani mstaafu, Newala

Hapo umenipata nusu.

Mkulima wa Tandahimba

Nusu nyingine naisema mimi, niliyewahi kusubiri malipo ya taasisi. Dereva wa bajaji akicheleweshewa miezi mitatu, mwalimu utamkuta bado yuko getini na magongo yake, na mtihani umeshaanza.